Lazima ya Nani, ya Lini?

Kila Ijumaa asubuhi, Tabu alifungua kabati la vyombo lenye milango ya vioo. Alitoa vikombe vidogo vyenye maua mekundu. Alitoa sahani zenye ukingo wa dhahabu, bilauri ndefu na bakuli kubwa la mchuzi. Aliviosha vyote kwa sabuni, akavifuta, akavirudisha mahali pake. Kisha alifunga kabati kwa ufunguo, na ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga yake.

Hakuna mtu aliyewahi kunywa chochote katika vikombe vile. Vilikuwa vyombo vya wageni. Lakini wageni walipokuja, Tabu aliwapa vikombe vya plastiki, maana aliogopa wangevunja vile vya wageni.

"Tabu," Bibi aliita kutoka barazani. Bibi alikuwa mama mzazi wa mume wake. "Kila wiki unaosha. Vinachafuliwa na nani?"

"Na vumbi, mama."

"Basi vumbi ndiye mgeni wako."

Tabu alicheka, akatoka kumuwashia Bibi jiko la mkaa. Bibi alipenda kahawa. Kila jioni baada ya sala ya alasiri, bibi wenzake wawili watatu walikuja kukaa naye kwenye jamvi. Walikunywa kahawa, walitafuna kashata, na walisema watu wote wa Kurasini, waliokufa na walio hai.

Vumbi halikukosekana Kurasini. Nyumba waliyopanga ilikuwa karibu na bandari, na malori yalipita mbele yake tangu asubuhi. Twaha, mume wa Tabu, alikuwa mchukuzi bandarini. Alianza kazi hiyo akiwa kijana mwembamba. Sasa alikuwa na mvi, na mgongo wake ulikuwa umeinama kidogo kama mtu anayepita mlango mfupi. Mtoto wao mkubwa, Mwinshehe, alikuwa utingo wa lori. Mdogo wake, Najat, alikuwa amemaliza darasa la saba. Mwaka ule ule alivunja ungo, na Tabu alianza kuwaza ngoma yake.

Walikuwa na kiwanja chao Mbagala. Walijenga kuta za vyumba vitatu, wakafika kwenye lenta, juu ya milango, wakaishia hapo. Kila mwaka walisema, "Mwaka huu tunapaua." Kila mwaka lilitokea jambo la lazima. Mara harusi, mara sare ya shughuli, mara mapazia ya Idi. Boma lilikaa wazi juani mpaka mpapai ukaota ndani yake, pale ambapo ingekuwa sebule. Ulikuwa umeanza kuzaa.

*

Siku moja mwezi wa kumi, Twaha alirudi nyumbani mchana. Haikuwa kawaida yake. Alikaa kwenye kizingiti bila kuvua viatu.

"Unaumwa?" Tabu aliuliza.

"Siumwi. Nimepunguzwa."

"Umepunguzwa nini?"

"Kazi, mama Najat. Genge letu lote. Siku hizi mizigo inakuja ndani ya makontena. Winchi moja inashusha kwa saa moja mzigo tuliokuwa tunabeba siku nzima. Wanatwambia asanteni. Mwisho wa mwezi tutapewa kiinua mgongo, basi."

Tabu alimletea maji ya kunywa. Bibi alishusha kikombe chake cha kahawa, akamtazama mwanawe, akasema, "Alhamdulillahi umerudi mzima. Wengine wamerudi wamebebwa."

Wiki ile haijaisha, mwenye nyumba alipiga hodi. Alikuwa mpole kuliko siku zote, na hapo Tabu alijua kuna jambo.

"Nyumba nimeiuza," alisema. "Wanavunja safu hii yote. Wanataka yadi ya makontena. Sitawatoa leo wala kesho, lakini masika yasiwakute hapa."

Alipoondoka, Twaha alicheka kicheko kikavu. "Makontena yamenifukuza bandarini," alisema. "Sasa yamenifuata mpaka nyumbani."

*

Ungedhani watu wale wangeanza kuzungumza habari ya bati siku ile ile. Hawakufanya hivyo. Kiinua mgongo kilikuwa hakijafika, na tayari kila mmoja alikuwa amekitumia kichwani.

Walikuwa wanakula wali na mchicha.

"Ngoma ya Najat lazima," Tabu alisema. "Mie nimewachezea wenzangu wote wa kikundi, nimewatunza watoto wao wote. Zamu yangu imefika. Tutamtoa na mdundiko, ngoma zikitembea kutoka hapa mpaka kule barabara kubwa. Na sare mpya, lazima."

"Redio kaseti," Twaha alisema. "Ile kubwa, ya spika mbili. Hiyo kwangu lazima."

"Mie nahitaji koti la ngozi," alisema Mwinshehe. "Matingo wenzangu wote wanavaa."

Bibi alimtazama mjukuu wake. "Koti la ngozi Dar es Salaam? Unataka kujipika?"

"Na boma?" Twaha aliuliza, kama mtu aliyekumbuka jambo akiwa ameshavuka mtaa.

"Bati tutanunua kwa kitakachobaki," Tabu alijibu. "Mama, wewe je?"

"Mie kahawa yangu tu," Bibi alisema.

Najat alikula kimya. Hakuna aliyemuuliza.

*

Alasiri tatu kwa wiki Tabu alikwenda kwenye darasa la kisomo. Utotoni aliishia darasa la pili, na herufi zilikuwa zimempotea. Sasa zilikuwa zimerudi, na alikuwa anasoma magazeti ya kufungia vitumbua vyake vya kuuza kabla hajavifunga.

Mwalimu wao aliitwa Benedicta. Alikuwa mama wa Kimwera kutoka Masasi, mjane, na aliishi nyumba ya pili kutoka kwa Tabu. Alikuwa jirani mzuri, ila maneno yake hayakuwa na sukari. Siku ile aliandika ubaoni neno moja: LAZIMA.

"Kila mtu atunge sentensi," alisema. "Tabu, anza."

Tabu alisimama, akasema kwa sauti, "Lazima mwali atolewe kwa mdundiko."

Darasa lilicheka na kupiga makofi. Mwalimu Benedicta hakucheka. Aliandika sentensi ile ubaoni, neno kwa neno, kisha akageuka.

"Sentensi imenyooka. Sasa nijibu. Lazima ya nani? Na ya lini?"

"Mwalimu, lazima ni lazima."

"Hapana, mama. Maji ya kunywa ni lazima ya kila mtu, kila siku. Kliniki ni lazima ya mama mjamzito na mtoto mchanga. Wewe una mimba?"

"Astaghfirullah. Mie?"

"Basi kwako kliniki ile si lazima. Ulipokuwa umembeba Najat, ilikuwa lazima. Neno ni lile lile, ila umri umebadilika. Kaa."

Tabu alikaa. Alikasirika kidogo. Njia nzima alikuwa anajibizana na Mwalimu kichwani mwake, na kila alipofika mwisho alikuta swali lile lile limesimama mlangoni. Ya nani? Ya lini?

Alipofika kwake alipitiliza mpaka nyumba ya pili. "Mwalimu," alisema, "Jumapili njoo ule kwetu. Swali lako kaulize mbele ya mume wangu, maana mie limenishinda."

*

Mwalimu Benedicta alikuja Jumapili, akitoka kanisani. Alimwamkia Bibi shikamoo, akakaa kwenye mkeka. Tabu alimletea chai katika kikombe cha plastiki.

"Hivi vya kabatini ni vya nani?" Mwalimu aliuliza.

"Vya wageni."

"Na mimi ni nani?"

Bibi alicheka mpaka akakohoa. Tabu aliona aibu, lakini ufunguo haukutoka kwenye pindo la kanga.

"Ulivinunua lini?" Mwalimu aliendelea.

"Nilipoolewa. Wakati ule vilikuwa lazima, Mwalimu, usinibishie. Bi harusi akiingia mikono mitupu, wifi zake wanamsema mpaka anazeeka."

"Sibishi. Vilikuwa lazima. Sasa wewe ni bi harusi?"

"Ni bi harusi wa zamani," alisema Twaha, na hata Tabu alicheka.

"Basi tumeelewana," alisema Mwalimu. "Lazima ni kitu ambacho kikikosekana, mtu anaumia. Analala njaa, anaugua, ananyeshewa, anakosa masomo, anakosa kazi. Hiari ni kitu ambacho kikikosekana, roho inauma kidogo, watu wanasema, kisha kunakucha na maisha yako yako pale pale. Hiari si dhambi. Ila haitangulii mbele ya lazima. Na lazima ya mtu wa miaka ishirini si lazima ya mtu wa miaka sitini. Haya, Mwinshehe. Wewe koti la ngozi?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Unataka kuwa utingo mpaka lini?"

"Sitaki kuwa utingo. Nataka kuwa dereva."

"Dereva anahitaji nini?"

Mwinshehe alijikuna shingo. "Leseni."

"Ukiwa na koti bila leseni utakuwa nani?"

"Utingo anayetoka jasho," Bibi alijibu kwa niaba yake.

Mwalimu alimgeukia Najat. "Na wewe, binti? Hapa wanazungumza ngoma yako. Wewe unataka nini?"

Najat aliinamisha kichwa. Alimtazama mama yake, kisha akasema polepole, "Nimechaguliwa sekondari. Nataka kwenda."

"Si tumeshasema utakwenda," alisema Tabu.

"Mmesema, mama. Lakini hamjasema ada itatoka wapi."

Lori lilipita nje, vyombo vikalia kabatini. Tabu alihisi kama amevuliwa kanga ya kichwani mbele za watu. Miezi miwili alikuwa anamuwaza binti yule. Alikuwa amewaza ngoma yake, sare zake na wapiga ngoma wake, na hakuwahi kumuuliza.

"Lakini mila, Mwalimu," alisema hatimaye. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mtoto wa Kizaramo hakui hivihivi. Somo yake, kungwi wake, lazima amfundishe."

"Amfundishe. Nani kamkataza? Hata kwetu Masasi mwali anafundwa. Lakini kinachomfunza mtoto ni kipi, somo au wapiga ngoma wa kukodi?"

Bibi ndiye aliyejibu. "Mie nilichezwa uani kwa mama yangu, kwa ngoma mbili za kuazima. Kitu gani sikijui?"

Alibaki Twaha. Alikuwa ametazama mikono yake muda wote.

"Mwalimu," alisema, "mie nitakwambia kweli. Tangu milango ya biashara ifunguliwe, nimebeba redio za watu mgongoni kwangu. Katoni kwa katoni. Nazijua kwa uzito, hata usiponionyesha picha. Sijawahi kubeba moja nikaileta kwangu. Nataka mara moja tu nibebe ya kwangu."

Tabu hakuwahi kumsikia akisema hivyo. Mwalimu Benedicta naye alizungumza taratibu.

"Hilo si dogo, Mzee Twaha. Sikwambii usiitamani. Nakuuliza tu, mvua ikianza na hapa mmetoka, redio hiyo utaiweka wapi?"

Twaha alifikiri. "Chini ya mpapai," alisema.

Walicheka wote, lakini Twaha alikuwa wa kwanza kuacha.

"Hizo fedha wanaziitaje?" Mwalimu aliuliza.

"Kiinua mgongo."

"Basi ziacheni ziinue mgongo. Mshahara unakwisha, mama, hautarudi tena. Mtu aliye kazini akikosea mwezi huu, mwezi ujao atarekebisha. Nyie mwezi ujao hamna. Kwa umri wenu wa sasa, lazima ya kwanza ni paa lenu wenyewe. Mkiwa na paa hamlipi kodi. Msipolipa kodi, vitumbua vya Tabu vinatosha kuwalisha."

*

Tangu siku ile Tabu alianza kuhesabu kila kitu kwa mabati. Hakufundishwa na mtu, alibuni mwenyewe.

"Koti lile ni mabati mawili," alimwambia Mwinshehe. "Redio ni bati za chumba kizima. Mdundiko, sare na pilau ya mtaa ni bati za nyumba nzima, na mlango juu."

Mambo yakawa mepesi. Mtu akitamka "lazima," mwingine alimjibu, "Ya nani? Ya lini?" Ikawa mchezo wa nyumba. Hata Twaha alipomwambia mkewe kwamba chumvi ya mchuzi lazima iongezwe, Najat alidakia, "Ya nani, baba?" na Twaha akasema, "Ya kwangu. Ya sasa hivi."

Lakini Tabu alikuwa mtu wa kwenda mbio. Akishika jambo hulishika kwa mikono miwili, mpaka linakosa pumzi. Alikata sukari, wakanywa chai ya chumvi. Alikata mafuta ya nywele. Siku moja akakata na kahawa ya Bibi.

"Kahawa si chakula, mama," alisema. "Na kashata ni sukari tupu. Tukishahamia Mbagala utakunywa mpaka uchoke."

"Sawa, mwanangu," Bibi alisema.

Jioni ya kwanza bibi wenzake walikuja, wakakuta jiko limezimwa. Walikaa kidogo, wakaondoka. Jioni iliyofuata alikuja mmoja. Baada ya hapo hakuja mtu. Bibi alikaa peke yake kwenye jamvi, akitazama malori. Chakula alikigusa tu. Sala ya alasiri alianza kuisalia kitandani, naye hakuwa mgonjwa. Utani wake ulikwisha.

Tabu alidhani ni uzee. Najat ndiye aliyemfuata jikoni.

"Mama, kahawa ya Bibi ni hiari?"

"Ni hiari."

"Ya nani? Ya lini?"

Tabu alishika mwiko bila kukoroga.

"Mie nikikosa kahawa siumii," Najat alisema. "Wewe pia. Lakini Bibi haendi sokoni, haendi shughulini, macho yake hayasomi. Wale bibi ndio wanaomletea dunia pale barazani. Na wanakuja kwa sababu ya kahawa."

Tabu alizima jiko, akavuka ua, akaenda kwa Mwalimu Benedicta. Alitaka kuambiwa kwamba mtoto amekosea.

"Mtoto amekupita," Mwalimu alisema. "Mtu mzee akikosa wenzake anaumia, tena haraka. Nilikwambia uliza lazima ya nani. Wewe ukauliza mabati mangapi."

"Kahawa ya mwezi haifiki hata robo ya bati, Mwalimu."

"Basi umemuuza mama mkwe wako kwa robo ya bati."

Tabu alirudi nyumbani. Alifungua fundo la pindo la kanga, akatoa ufunguo, akafungua kabati. Haikuwa Ijumaa. Alitoa vikombe vidogo vyenye maua mekundu, akavipanga kwenye sinia, akawasha jiko. Kisha alimtuma Najat kwa bibi wa jirani, mmoja baada ya mwingine.

"Mama," alimwambia Bibi, akapiga magoti kando ya jamvi, "nilikosea. Nisamehe."

Bibi alikipokea kikombe, akakigeuza, akatazama maua. "Nikikivunja je?"

"Kivunje."

"Umeugua, Tabu?" Bibi aliuliza, na utani ulikuwa umerudi.

*

Mwezi wa kumi na mbili somo yake Najat alikuja kumfunda ndani. Alimfundisha usafi, heshima, mwili wake, na namna ya kujilinda. Siku ya kumtoa, akina mama walikusanyika uani. Ngoma zilikuwa mbili, za kuazima. Pilau ilipikwa sufuria moja. Kila mtu alivaa alichonacho.

Hamida, kiongozi wa kikundi chao cha shughuli, alifika akiwa amejifunga sare ya shughuli iliyopita. Alitazama huku na huku, kama anayetafuta wapiga mdundiko waliojificha nyuma ya choo.

"Shoga," alisema kwa sauti ya kusikika, "mwanao unamtoa kimyakimya hivi? Kama maji ya kuoshea vyombo?"

Zamani Tabu angelia, au angekopa. Sasa alimtazama shoga yake usoni.

"Maji ya vyombo yanaishia mtaroni," alisema. "Mwanangu anatoka hapa kwenda sekondari, na ada yake iko tayari. Mdundiko ungempeleka mpaka barabarani tu."

Bibi alianza kupiga vigelegele kabla mtu mwingine hajasema neno, na uwanja wote ukamfuata. Hamida naye alipiga, maana hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na ulimi tu.

Baada ya kula, Hamida alimfuata Tabu ndani, akasimama mbele ya kabati. Binti wa Hamida alikuwa anaolewa baada ya mfungo.

"Sahani hizi za dhahabu," alisema, "siku hizi hazipatikani. Zinazokuja sasa nyepesi kama karatasi."

Tabu alizitazama sahani zake, akamtazama shoga yake. "Mwanao bi harusi," alisema. "Kwake hizi ni lazima. Zichukue, na kabati lake, na bilauri. Nilipe tu bei ya mlango wa mbele na misumari ya bati."

"Na vikombe?"

"Vikombe vina mwenyewe."

*

Mwezi wa pili ulipoanza, lori lilipeleka mabati Mbagala. Mwinshehe ndiye aliyekaa kwenye usukani. Leseni yake ilikuwa bado mpya, na alipopita kwa marafiki alipiga honi bila sababu. Hakuwa na koti. Alikuwa na shati la mtumba, na alionekana vizuri tu.

Njia ya mwisho ya kufika kwenye kiwanja ilikuwa mchanga mtupu. Lori likakwama. Vijana wa mtaani walikuja mbio.

"Mzee, tukubebee," walisema. "Wewe pumzika."

"Nipisheni," alisema Twaha.

Alikunja kitambaa, akakiweka begani kama alivyozoea. Mwinshehe alimpandishia bati za kwanza. Twaha alizipima kwa bega, akatikisa kichwa kama mtu anayeonja mchuzi.

"Nzito?" Tabu aliuliza.

"Si nzito. Za kwangu."

Alikwenda nazo mpaka kwenye boma, akarudi, akabeba nyingine. Mwinshehe alizoea kumwona baba yake amejikunja. Siku ile alitembea amenyooka, na Tabu alitembea nyuma yake akibeba misumari. Mpapai uliokuwa sebuleni waliukata, lakini mapapai yake waliwapa mafundi, wakayala.

Walihamia kabla mwenye nyumba hajawakumbusha. Matingatinga ya kuvunja safu ile ya Kurasini yalipofika, chumba chao kilikuwa kitupu, na alama ya miguu ya kabati ilibaki sakafuni.

Mvua ya kwanza ya masika iliwakuta jioni, wakiwa wamekaa sebuleni. Najat alikuwa anajalidi daftari zake za sekondari kwa magazeti. Bibi alikuwa na bibi wawili wapya wa Mbagala, ambao alishawapata na kuwazoesha kahawa. Mvua ilianza taratibu, kisha ikashuka yote kwa pamoja. Bati zilipiga kelele mpaka watu wakawa wanaonana midomo tu.

Twaha alitazama juu. Hapakuwa na tone hata moja. Aliinama kwenye sikio la mkewe, akapaza sauti.

"Hata ningenunua ile redio, ningesikia nini?"

Tabu alicheka. Alichukua vikombe vyenye maua mekundu, kimoja sasa kikiwa na ufa, akammiminia mume wake kahawa. Pindo la kanga yake lilikuwa halina fundo, kwa maana hapakuwa tena na kabati la kufungwa.

"Ukipata ile kazi ya ulinzi uliyoomba kule yadi ya makontena," alimjibu kwa sauti ile ile ya juu, "tutainunua ndogo."

"Lazima?"

"Hiari," alisema Tabu. "Lakini zamu yake itafika."